Picha ni Amana: Ufundi na Biashara ya Kamera Arua na Koboko

Katika nyumba nyingi za askari wa jeshi na polisi wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, lipo sanduku la bati chini ya kitanda. Humo huwekwa vyeti vya shule, barua za uhamisho na hati ya kiwanja. Na chini kabisa, ndani ya bahasha, huwamo picha chache za karatasi. Baba yumo akiwa kurutu, bibi arusi na bwana arusi wamesimama mbele ya pazia la studio, na mtoto wa kwanza ameketi mkekani. Picha hizo zaweza kuwa kumi tu, lakini kila mtu wa nyumba hiyo anazijua, na kila mgeni mwenye heshima hufunguliwa bahasha akaonyeshwa.

Siku hizi mambo yamegeuka. Simu ya mkononi ya kijana mmoja wa Arua yaweza kuwa na picha elfu tatu, wala isiwepo hata moja iliyosafishwa katika karatasi. Simu hiyo ikianguka majini, ikiibiwa katika basi la Kampala, au ikifa kwa uchakavu wake yenyewe, picha zote elfu tatu hupotea pamoja nayo. Hivyo hutokea jambo la kustaajabisha, kwamba ukoo uliopigwa picha nyingi kuliko wakati wowote uliopita waweza kukosa hata picha moja ya kumwonyesha mjukuu.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mpiga picha wa leo. Kubonyeza kitufe kila mtu anaweza. Ujuzi unaotafutwa ni wa kupiga picha njema, kuisafisha, kuiandika jina na kuitunza. Na ujuzi huo waweza kujifunzwa na mke wa askari, kijana aliyemaliza shule au askari anayekaribia kustaafu, na ukawapatia riziki ya halali.

HASARA ILIYOKWISHA KUONEKANA

Watu wa West Nile hawahitaji kufundishwa maana ya kupoteza kumbukumbu. Katika vita vya mwaka 1979, na tena baada ya mapigano yaliyoanza Koboko na Arua mwezi Oktoba 1980, watu wengi sana walivuka mipaka kwenda Sudan na Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mipaka hiyo haiko mbali; huko Salia Musala, katika upande wa Koboko, nchi tatu hukutana mahali pamoja. Aliyekimbia kwa miguu alibeba mtoto, sufuria na blanketi. Bahasha ya picha ilibaki nyumbani, na nyumba nyingi zilichomwa. Wapo wazee wenye wajukuu leo ambao hawana picha hata moja ya ujana wao.

Lakini katika taifa hilo hilo lipo fungu jingine la picha ambalo lilisalimika. Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda mjini Kampala, lilikutwa kabati lililojaa negativu zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za miaka ya utawala wa Idi Amin. Hesabu yake ilikuwa kiasi cha 70,000. Mwaka 2018 shirika hilo, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani na Chuo Kikuu cha Western Australia, lilianza kuzigeuza kuwa picha za dijitali, na mwezi Mei 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda. Wapiga picha hao walipiga yale ambayo utawala wa wakati ule ulitaka yaonekane, na maovu yaliyotendwa gizani hayamo. Hata hivyo, watu waliofika makumbusho waliweza kutazama mikutano, hafla na nyuso za miaka ile, na kuzungumza juu yake.

Yafaa kujiuliza ni kitu gani kilichozihifadhi negativu hizo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kabati ilikuwapo, bahasha zilikuwapo, na juu ya bahasha mtu aliandika tarehe na jambo lililopigwa. Kama bahasha zisingeandikwa, kabati lile lingekuwa na nyuso elfu nyingi zisizo na majina. Mpiga picha wa Arua anayeanza leo na akumbuke kwamba kalamu ni mojawapo ya vyombo vyake vya kazi.

KAMERA YA DIJITALI HUFANYAJE KAZI

Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa mwaka 1975 na fundi kijana, Steven Sasson, wa kampuni ya Kodak huko Marekani. Ilikuwa na uzito wa kiasi cha kilo 3.6, ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja katika kanda ya kaseti, na picha yenyewe ilikuwa na nukta 10,000 tu, tena bila rangi. Mwaka huo huo wakuu wa nchi za Afrika walikutana Kampala, na wapiga picha wa Uganda wakawapiga kwa filamu. Leo simu ya kawaida hupiga picha yenye nukta milioni 12 au zaidi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kodak yenyewe, iliyotawala biashara ya filamu duniani, iliomba kinga ya kufilisika mwezi Januari 2012.

Kanuni ya kamera haikubadilika. Lenzi hukusanya mwanga na kuutupa nyuma, mahali palipokuwa na filamu zamani. Leo mahali hapo pana kibao kidogo chenye nukta nyingi, na kila nukta hupima kiasi cha mwanga ulioifikia na kukigeuza kuwa namba. Basi picha ya dijitali ni orodha ndefu ya namba. Hiyo ndiyo nguvu yake, kwa kuwa namba zaweza kunakiliwa mara mia bila kuharibika. Na hiyo ndiyo hatari yake, kwa kuwa zaweza kufutwa kwa kidole kimoja.

Mwanga unaoingia huongozwa na mambo matatu, na anayeyaelewa hayo amekwisha kupita nusu ya safari. La kwanza ni tundu la lenzi. Namba yake huwashangaza wanafunzi, maana namba ndogo kama 1.8 ni tundu kubwa, na namba kubwa kama 16 ni tundu dogo. Tundu kubwa huingiza mwanga mwingi na kuififisha nyuma ya mtu, hivi kwamba uso hujitokeza peke yake. Tundu dogo huonyesha vizuri vya karibu na vya mbali pamoja, na hufaa kwa picha ya kundi kubwa lililopanga safu tatu. La pili ni kasi, yaani muda ambao mlango wa kamera hukaa wazi. Kwa mtu aliyesimama, sehemu moja ya 125 ya sekunde yatosha. Kwa mtoto anayecheza, sehemu moja ya 250. Kwa mpira wa miguu, sehemu moja ya 500 hadi ya 1000. Kamera iliyoshikwa kwa mkono ikipewa muda mrefu kuliko sehemu moja ya 60, mara nyingi picha hutikisika. La tatu ni wepesi wa kuhisi mwanga, unaoandikwa ISO. Namba 100 hufaa juani. Ndani ya nyumba yaweza kuhitajika 1600 au zaidi, lakini kadiri namba inavyopanda ndivyo picha inavyojaa chembechembe.

Wazee wa kamera walikuwa na kanuni moja ambayo bado ni kweli: katika jua kali lisilo na wingu, tundu likiwa 16 na wepesi ukiwa 100, kasi iwe karibu na sehemu moja ya 100 ya sekunde. Mwanafunzi na aanze hapo, kisha abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja na kutazama kilichobadilika. Filamu ilikuwa ghali na kila kosa lililipiwa. Katika dijitali kosa hugharimu betri tu, na kwa hiyo anayejifunza hana udhuru wa kutofanya mazoezi.

JUA LA KOBOKO NA USO WA MTU MWEUSI

Arua na Koboko ziko kiasi cha nyuzi tatu tu kaskazini ya ikweta. Saa sita mchana jua husimama juu ya kichwa, na uso wa mtu hupata vivuli viwili vyeusi mahali pa macho. Mpiga picha mwenye busara hufanya kazi zake za nje kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni hadi jua kutua, wakati mwanga unapokuja kwa ubavu na kuwa laini.

Arusi na sherehe za ubatizo, hata hivyo, hazimngoji mpiga picha. Ikibidi kupiga mchana, watu wasogezwe kivulini, na miembe ya West Nile hutoa kivuli kizuri. Lakini wasisimame katikati kabisa ya mwembe, kwa sababu mwanga unaopita katika majani huzitia nyuso rangi ya kijani, na vipande vya jua hufanya madoa mashavuni. Wasimame ukingoni mwa kivuli, nyuso zikielekea mahali peupe penye anga. Shuka nyeupe iliyoshikwa na msaidizi kwa upande huurudisha mwanga usoni vizuri kama chombo cha dukani.

Jambo kubwa kuliko hilo ni rangi ya ngozi. Kwa miaka mingi viwanda vya filamu vilisawazisha rangi zao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na mtu mweusi mara nyingi alitoka katika picha akiwa kama makaa. Kamera za leo zina nafuu, lakini tatizo moja lipo bado. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kwamba mbele yake yupo mtu. Chadhani kila kitu kina rangi ya wastani, baina ya nyeusi na nyeupe. Askari akisimama mbele ya ukuta mweupe wa ofisi, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wa askari huzama gizani.

Dawa zake ni tatu. Mpiga picha aweza kuuacha ukuta mweupe na kutafuta mahali pa rangi ya udongo au pazia la buluu iliyofifia. Aweza pia kuusogelea uso, kuupima peke yake, kisha kurudi nyuma na kupiga kwa kipimo hicho hicho. Au aiambie kamera iongeze mwanga kwa hatua moja. Katika arusi, ambapo shela ni jeupe na suti ya bwana arusi ni nyeusi, wote wawili wawekwe kivulini na mpiga picha achunguze kama mishono ya shela yaonekana na macho ya bwana arusi yaonekana. Vyote viwili vikionekana, picha ni njema.

VYOMBO VYA KUANZIA

Kosa la wanaoanza ni kununua kwanza na kujifunza baadaye. Simu yenye kamera safi yatosha kwa miezi miwili ya mazoezi ya mwanga, kivuli na mpangilio wa watu. Baada ya hapo, anayeona kazi yampendeza aweza kutafuta kamera kuukuu ya lenzi za kubadilishwa. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8 ni rahisi kuliko lenzi nyingine nyingi, nayo hufanya kazi vizuri ndani ya kanisa, msikiti au ukumbi wenye mwanga hafifu. Pamoja na kamera zinahitajika betri mbili, kadi mbili za kumbukumbu, stendi ya miguu mitatu na mfuko usioingiza maji.

Anayenunua kamera iliyokwisha kutumika na aichunguze kama anayenunua ng'ombe mnadani. Lenzi imulikwe kwa tochi ili ionekane kama imeota ukungu ndani. Tundu liwekwe namba 16 na upigwe ukuta mweupe. Madoa meusi yakitokea mahali pale pale katika kila picha, kibao cha ndani ni kichafu au kimeharibika. Iulizwe imekwisha kupiga picha ngapi, maana mlango wa kamera nao huchakaa. Zaidi ya yote, muuzaji atoe risiti au hati ya mauzo yenye namba ya kamera. Kamera isiyo na hati yaweza kuwa ya wizi, na jamaa wa askari akikutwa nayo, aibu ni ya nyumba nzima.

Hali ya mahali nayo ifikiriwe. Kiangazi kina vumbi jekundu. Lenzi isibadilishwe kando ya barabara wala juu ya pikipiki. Masika yana unyevu. Pakiti ndogo za kukausha unyevu, zinazotiwa ndani ya maboksi ya viatu, zihifadhiwe katika mfuko wa kamera. Kuhusu umeme, Arua na Koboko zilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, zikitegemea mtambo wa maji wa Nyagak wa megawati 3.5 pamoja na jenereta, mpaka West Nile ilipounganishwa na gridi mwaka 2024. Hata hivyo, mpiga picha asiyechaji betri zote usiku wa kuamkia kazi amekwisha kujitafutia fedheha. Kibao cha nguvu za jua ni akiba nzuri kwa anayefanya kazi vijijini.

MAHESABU YA KAZI

Zamani mkate wa studio ulikuwa picha za pasipoti na vitambulisho. Mjini Gulu, studio moja kongwe iitwayo Gulu Real Art Studio ilijulikana hadi ng'ambo kwa njia yake ya kubana matumizi. Mashine yake ilitoa picha nne za kitambulisho kwa mara moja, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Basi mpiga picha alimpiga mteja picha ya kawaida, akaukata uso kwa kipimo, na kuyaacha mabaki. Mabaki hayo, yenye mikono, nguo na watoto magotini lakini bila nyuso, yalikusanywa na mpiga picha Mwitalia, Martina Bacigalupo, na kuonyeshwa New York mwaka 2013. Mteja alikwenda na uso wa kubandika katika fomu. Picha ya kuweka nyumbani haikuwapo.

Biashara hiyo ya nyuso inapungua. Katika uandikishaji mkubwa wa kitambulisho cha taifa ulioanza mwaka 2014, sura za wananchi zilipigwa na mashine za serikali palepale. Picha za kawaida nazo zimechukuliwa na simu. Yanayobaki kwa mpiga picha ni yale ambayo simu haiyatimizi: picha za shughuli zilizopigwa kwa ustadi, picha zilizosafishwa, albamu, na kunakili picha kuukuu. Kazi hii ya mwisho haihitaji mtaji mkubwa, na katika West Nile yenye historia yake, ina maana ya pekee.

Kunakili kwenyewe si kugumu. Picha kuukuu hulazwa juu ya meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua, kamera ikasimamishwa juu yake sawasawa kwa stendi, bila taa ya kamera, ili karatasi isimeremete. Picha iliyoganda katika kioo cha fremu isibanduliwe kamwe, maana uso hubaki kiooni. Inakiliwe hapo hapo ilipo. Isifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Na mwenye picha angali hai aulizwe palepale: Huyu ni nani? Ilikuwa mwaka gani? Ilikuwa kambi gani?

Bei hutoka katika hesabu, wala si katika kumtazama mteja viatu. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba mama mmoja wa Koboko amenunua kamera na lenzi kwa shilingi 1,800,000 za Uganda, naye ataraji kuitumia kwa miaka 3, yaani miezi 36. Kila mwezi kamera hiyo humgharimu shilingi 50,000, afanye kazi asifanye. Akipata kazi 10 kwa mwezi, kila kazi yabeba shilingi 5,000 za kamera. Siku ya shughuli alipa bodaboda 10,000, msaidizi 20,000, kusafisha picha 30 kwa shilingi 1,000 kila moja, yaani 30,000, na umeme na intaneti 5,000. Jumla ni shilingi 70,000. Akitoza 80,000 atabakiwa na 10,000 tu kwa kazi ya mchana kutwa na usiku wa kuchagua picha. Akitoza 120,000 atabakiwa na 50,000. Asiyeweka hesabu ya uchakavu wa kamera hufurahi miaka mitatu, kisha kamera hufa naye hana ya kununulia nyingine.

Nusu ya malipo ipokewe kabla ya siku ya kazi, na maandishi mafupi yawekwe: tarehe, saa, idadi ya picha, siku ya kuzitoa, na ni nani mwenye haki ya kuzitumia. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, na maandishi ya namna hiyo huondoa ugomvi hata baina ya ndugu. Fedha za kazi zisichanganywe na za sukari na mafuta ya taa. Ziwe na daftari lake. Na kwa kuwa askari huhamishwa, mke wake asijenge studio ya matofali. Pazia linalokunjwa, viti viwili na mfuko mmoja wa vyombo huweza kupanda lori siku hiyo hiyo. Askari anayestaafu naye asitumbukize kiinua mgongo chote katika kamera. Na aanze kidogo angali na mshahara.

MAMBO YA KAMBI, MIPAKA NA HESHIMA YA WATU

Picha ya dijitali hubeba mambo yasiyoonekana kwa macho. Ndani ya faili yake huandikwa tarehe, saa na aina ya kamera. Na ikiwa chombo cha kuonyesha mahali kimewashwa katika simu, huandikwa pia mahali hasa palipopigwa. Jeshi la Marekani lilieleza mwaka 2012 jinsi askari wake huko Iraki, mwaka 2007, walivyopiga picha za helikopta zilizokuwa zimefika kambini na kuzipeleka katika intaneti. Adui alisoma humo mahali zilipo, akashambulia kwa makombora, na helikopta nne ziliharibiwa.

Basi, familia ya askari na izime chombo hicho katika kamera ya simu, na picha za ndani ya kambi, vizuizi, magari, silaha na orodha za zamu zisipigwe wala kusambazwa. Mke mwenye mume aliye katika operesheni asitangaze picha aliyotumiwa kutoka huko. Aisafishe na aiweke nyumbani. Hali kadhalika katika vituo vya mpakani kama Oraba na Vurra, mpiga picha wa arusi na aombe ruhusa kabla ya kutoa kamera mfukoni. Makazi ya wakimbizi kama Rhino Camp, Imvepi na Lobule nayo yana utaratibu wake wa ruhusa kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu.

Juu ya ruhusa za ofisi ipo ruhusa ya mtu mwenyewe. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, lakini adabu ilitangulia sheria. Mgonjwa, mfiwa, mtoto wa watu na mkimbizi aliyepoteza kila kitu wasipigwe picha kwa siri wala kutangazwa ili kuvuta wateja. Mpiga picha anayejulikana kuwa msiri hufunguliwa milango ambayo mwenzake hafunguliwi.

KUITUNZA AMANA

Kazi iliyokwisha kupigwa haijakwisha. Jioni ile ile picha zitolewe katika kadi na kunakiliwa mara mbili, na kadi isifutwe mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kuonekana kuwa nzima. Nakala ziwe tatu kwa jumla: moja katika kompyuta, moja katika diski ya pembeni, na moja mahali pengine kabisa, kwa ndugu aliye Kampala au katika hifadhi ya intaneti. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, asichukue zote. Kila fungu liitwe kwa tarehe, mahali na shughuli. Jina kama "arusi mpya" halimsaidii mtu baada ya miaka kumi.

Kisha ije karatasi. Familia isiyo na uwezo mkubwa yaweza kuchagua picha 12 tu kwa mwaka, moja kwa kila mwezi, na kuzisafisha. Nyuma yake yaandikwe majina kwa penseli laini, wala si kwa kalamu ya wino inayopenya na kutia doa. Zisitundikwe mahali panapopigwa na jua. Zikae ndani ya bahasha, bahasha ndani ya bati lenye mfuniko, na bati liinuliwe juu ya matofali, mbali na mchwa na maji ya mvua.

Mwaka mmoja wa kazi hiyo hutoa picha 12. Miaka ishirini hutoa picha 240, ambazo ni maisha ya nyumba nzima. Mtoto ambaye baba yake alikuwa kazini mbali atamjua baba kwa sura na kwa cheo. Mjane atakuwa na kitu cha kuwaonyesha wanawe. Na ikitokea siku, Mungu apishe mbali, watu wakahitaji kuondoka nyumbani kwa haraka kama walivyoondoka wazee wao, bahasha moja haina uzito wa kumshinda mtu. Mpiga picha wa Arua au Koboko aliyeiandaa bahasha hiyo, akaijaza picha njema zenye majina, atakuwa amestahili malipo yake.